Kipande cha Nne Kwenye Kioo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, usije ukaunguza chakula ukanilaumu mimi. Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona. Hata kama aliwahi kushika kipande cha mwili wako, hukumwona. Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali. Na siyo ile maabara ya mbele, ya kutolewa damu na kukaa kwenye benchi ukingoja kuitwa. Ni ile ya nyuma, mwisho kabisa wa korido. Mlango wa kijani, dirisha moja, feni inayolalamika.

Wenzake walimwita Randa. Nami nitamwita hivyo hivyo. Randa alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na saba. Ni moyo. Alikuwa anafunga kamba za viatu asubuhi, akamwambia mkewe, "Hebu nikae kidogo." Akakaa. Hakuinuka tena.

Niseme mapema, mimi si mtangazaji wa kulia hewani. Mnaonisikiliza miaka yote mnajua. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo, na nyinyi mtaamua wenyewe mtamweka wapi mtu huyu.

Tuanze na jina. Baba yake Randa alikuwa seremala. Kaka yake mkubwa ni seremala mpaka leo. Nilimkuta karakanani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akaniambia hivi: "Mdogo wangu msumari ulimshinda. Anaupiga, unapinda. Anaung'oa, anaupiga, unapinda tena. Baba akawa anamtazama tu, anatikisa kichwa. Lakini mpe randa sasa! Anaipitisha juu ya ubao taratibu, maranda yanatoka membamba, ukiyaweka juu ya gazeti unasoma habari zote. Baba akawa anafoka, 'Huyu mtoto atanimalizia mbao kwa raha zake!'"

Basi. Kijana akasoma, akaenda chuo cha maabara, akaajiriwa hospitalini. Siku ya kwanza wakamwonyesha mashine ya kukatia nyama za wagonjwa. Akaizunguka, akainama, akaona wembe ulivyokaa. Akasema kwa sauti, "Ebo! Kumbe ni randa tu!" Chumba kizima kikacheka. Jina likaganda. Miaka thelathini na saba, mpaka mkurugenzi wa hospitali alikuwa anauliza, "Randa yupo?"

Sasa wasikilizaji wapendwa, nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa huko mbele. Sitachukua muda mrefu. Daktari akipitisha ule mpira wenye kamera tumboni mwako, hunyofoa vinyama vidogo kwenye ukuta wa utumbo. Vidogo kama punje ya mchele, saa nyingine nusu punje. Vinatiwa kwenye chupa yenye formalini visioze. Fundi anavipokea, anavihesabu, anaandika idadi kwenye fomu. Kisha vinazamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikipoa, unapata kibonge kidogo kama kile kisabuni cha nyumba ya wageni, na nyama yako iko humo ndani.

Kibonge kinafungwa kwenye mashine yenye wembe. Fundi anazungusha mkono wa mashine, wembe unachana nta na nyama kwa pamoja, unatoka utepe mwembamba. Mwembamba kiasi gani? Chukua unywele wako mmoja, ugawe mara ishirini. Utepe huo haushikiki kwa vidole. Unalazwa juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, unaelea, unajinyoosha. Fundi anachovya kioo chini yake, anauopoa. Kioo kinatiwa rangi, ya zambarau na ya waridi, kinakwenda chini ya hadubini. Daktari wa patholojia anatazama, anaandika majibu. Majibu hayo ndiyo unayosomewa wewe.

Na kuna sheria moja ya beseni. Ukimaliza mgonjwa mmoja, unaburuta karatasi laini juu ya maji, unaondoa mabaki, karatasi unatupa. Ndipo unakata mgonjwa mwingine. Narudia. Kila mgonjwa, karatasi. Usipopangusa, kijipande cha yule wa kwanza kitabaki kinaelea, kitapanda kwenye kioo cha mwenzake. Hapo utamsomea mtu ugonjwa wa jirani.

Randa alijulikana kwa kupangusa. Dada Rangi, mwenzake aliyekuwa anatia vioo rangi, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba kile, alinichekesha: "Alikuwa anapangusa mpaka unadhani atayachubua maji."

Isipokuwa siku moja. Ilikuwa Jumanne, miaka kumi na tisa iliyopita.

Siku hiyo mfanyakazi wa usafi aliingia na ndoo yake na furaha yake. Timu ya Randa ilikuwa imefungwa jana yake, kwa penalti ya dakika za mwisho. Mfanyakazi wa usafi alikuwa wa timu iliyoshinda. Mnajua wenyewe ilivyokuwa. Randa akasema ile haikuwa penalti, mchezaji alijiangusha. Yule akasema, "Alijiangusha? Mguu ulikuwa umeshikwa kama kuku!" Randa akasimama, akaonyesha kwa kutumia kiti namna mtu anavyojiangusha. Akakaa, akaendelea kukata. Akasimama tena. Dada Rangi anasema, "Mikono ilikuwa inakata, mdomo uko uwanjani." Vibonge vinane vilikatwa hivyo. Vinane. Karatasi ya kupangusia haikuguswa.

Hakuna aliyegundua. Vioo vikatiwa rangi, vikapelekwa.

Jumatano, saa nne asubuhi, daktari wa patholojia akamwita Randa chumbani kwake. Huyu mama daktari amestaafu, nimezungumza naye kwenye simu. Alimwita kwa furaha. Alitaka kumwonyesha kitu. Kwenye kioo cha nane, cha mama mmoja mshona nguo mwenye maumivu ya tumbo, kulikuwa na mnyoo. Mnyoo mdogo mno, unywele ni mnene kwake. Wataalamu wanamwita strongiloidi. Anaingia kwa ngozi ya mguu, anasafiri mwilini, anaishia kwenye ukuta wa utumbo. Humo anazaliana ndani kwa ndani, hata miaka thelathini, na mwenyewe hujui. Kwenye choo anaonekana siku moja, siku tatu haonekani. Ndiyo maana kumkuta ndani ya nyama, pale alipolala, ni bahati.

"Njoo uone," daktari akamwambia. "Nimeshasaini majibu."

Randa akainama kwenye hadubini. Akatazama. Akatazama muda mrefu kupita kawaida. Kisha akaomba fomu ya yule mama. Fomu alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mkono wake. Vipande vitatu.

Kwenye kioo vilikuwa vinne.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Kwenye fomu vitatu. Kwenye kioo vinne. Kile cha nne kilikuwa kidogo, kimekaa pembeni peke yake, ukingo wake umejikunja. Na mnyoo alikuwa ndani ya hicho cha nne.

Sasa hapo nataka mkae na Randa kidogo. Mlangoni pa maabara kulikuwa na tangazo la mkurugenzi, lina mwezi mmoja tu: kosa lolote la kuchanganya sampuli, mhusika anasimamishwa kazi. Randa alikuwa na watoto wanne shuleni. Daktari alikuwa hajahesabu vipande. Hakuna ambaye angehesabu. Na yule mama mshona nguo angepewa vidonge vya minyoo, vidonge ambavyo mtu akivimeza bure havimuui. Ukitaka kunyamaza, kimya hicho kilikuwa laini kabisa, kina mto na shuka.

Randa akainua kichwa. Akasema, "Daktari, huyu mnyoo si wa huyu mama."

"Ni wa nani?"

"Sijui. Jana maji yangu yalikuwa machafu."

"Kwa nini yalikuwa machafu?"

"Nilikuwa nabishana penalti."

Yule daktari aliniambia hivi, nanukuu: "Nimefanya kazi miaka mingi. Nimeletewa visingizio vya umeme, vya mashine, vya dawa iliyoisha muda. Hicho hakikuwa kisingizio. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Halafu nikamwamini palepale, maana nani atatunga uongo wa kujidhalilisha namna ile?"

Swali likabaki moja. Mnyoo huyu ana mwenyewe. Ni nani?

Wakaangalia daftari. Kabla ya mama mshona nguo vilikatwa vibonge saba. Vinne vilikuwa vya ngozi na matezi, hivyo vikatoka. Vikabaki vitatu vya utumbo. Viwili ni vya watu waliokwisha kurudi nyumbani, hawana haraka. Cha tatu ni cha fundi mwashi, miaka arobaini na moja, amelazwa wodini juu, anaharisha damu wiki ya tatu. Majibu yake yalikuwa yametoka asubuhi ile ile: uvimbe wa utumbo, hakuna vimelea.

Hakuna vimelea. Kwa maneno hayo mawili, daktari wa wodi alikuwa amepanga kumwanzishia dawa kali za steroidi, za kushusha kinga ya mwili. Sindano ya kwanza saa kumi jioni. Kama kweli ni uvimbe tu, dawa ile ingemwinua mtu kitandani. Lakini kama ana mnyoo yule, ukishusha kinga unakuwa umemfungulia mlango. Anazaliana bila breki. Anahama utumbo, anaingia mapafuni, anaingia kwenye damu. Mgonjwa hamalizi wiki mbili.

Daktari wa wodi hakuwa mtu mbaya. Alipopigiwa simu alijibu, "Choo chake nimekipima mara mbili, hakina kitu. Mtu wangu anakwisha. Nileteeni huyo mnyoo, au niacheni nitibu." Wakakubaliana. Mpaka saa kumi.

Saa hiyo ilikuwa saa tano kasorobo.

Randa akamwaga maji ya beseni, akalisugua, akajaza mapya. Akafunga wembe mpya. Kibonge cha kwanza, cha mmoja wa wale waliorudi nyumbani. Vioo ishirini. Dada Rangi anatia rangi, daktari anatazama. Hakuna. Maji yakamwagwa, beseni likasuguliwa, wembe mpya. Kibonge cha pili. Vioo ishirini. Hakuna. Mfanyakazi wa usafi, yule yule wa penalti, ndiye aliyekuwa anabeba maji. Hakusema neno kuhusu mpira siku ile.

Kibonge cha tatu, cha mwashi. Na hapa palikuwa na shida. Nyama ya mwashi ilikuwa ndogo kuliko zote, ndiyo maana waliiacha mwisho. Kila ukizungusha mashine, unaila. Nyama ikiisha, na ushahidi umeisha. Hairudishwi. Na kile kipande chenye mnyoo kilitoka kwenye tepe za mwanzo kabisa, zile fundi anazoziacha mpaka nyama itulie kwenye wembe. Huko huwezi kurudi tena. Unaweza kwenda mbele tu, ukaomba Mungu huko ndani kuwe na mwingine.

Vioo kumi vya kwanza. Daktari akasema, "Hakuna."

Vioo kumi vingine. Hakuna. Saa nane na robo.

Dada Rangi aliniambia, "Nilichungulia kibonge, nyama imebaki kama alama ya kalamu. Nikamwambia, kaka, inaisha. Alikuwa anasema na nafsi yake, 'Kata tena. Kata tena.' Jasho linamtiririka anajifuta kwa bega, mikono haiachi mashine. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili."

Vioo tisa vya mwisho vikatiwa rangi. Havikufika kumi, nyama ilikuwa imekwisha. Daktari akaweka cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha sita hakutoa kioo. Akasogeza kioo kidogo. Akasema, "Huyu hapa." Akasogeza tena. "Na huyu."

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Daktari akaandika karatasi, akagonga mhuri, akampa Randa mwenyewe. "Peleka wewe. Ni kosa lako, panda ngazi."

Randa hakuwa mtu wa wodini. Alipotea mara moja, akaingia wodi ya wazazi, akafukuzwa. Alipofika pale, muuguzi alikuwa na trei mkononi, sindano imejaa.

"Dada, usimchome."

"Wewe nani?"

"Wa maabara."

"Wa maabara mmeanza lini kuja huku?"

"Leo."

Muuguzi akasoma karatasi. Akaisoma mara ya pili. Akaweka trei chini.

Mwashi alikuwa amelala usingizi, ameelekea ukutani. Randa hakumwona uso. Aliona nyayo zake tu, zimechungulia nje ya shuka, zimepasuka, chokaa imejaa kwenye mipasuko. Akageuka akashuka. Mwashi alipewa vidonge vya minyoo. Siku ya kumi na moja akatoka kwa miguu yake. Mama mshona nguo naye akapimwa upya, akakutwa na vidonda vya tumbo, akatibiwa. Hao wawili hawakuambiwa lolote kuhusu penalti.

Randa alisimamishwa. Tangazo ni tangazo. Miezi mitatu nyumbani, kisha mwaka mzima akawekwa dirishani, kupokea chupa na kuandika namba. Hakujitetea wala hakulalamika. Kuteleza si kuanguka, alikuwa anasema, lakini ukiteleza ukubali kufua suruali.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nilikuwa nimeshafunga kinasa sauti changu, naaga, wakati Dada Rangi aliponiambia, "Hujauliza kuhusu masanduku."

Nikakaa tena.

Siku Randa aliporudishwa kwenye mashine, Dada Rangi alimpongeza. Akamwambia, kaka, pamoja na yote, uliokoa mtu. Randa akamkatiza. "Hujaelewa. Ningepangusa maji siku ile, kile kipande kingekwenda kwenye pipa. Majibu ya mwashi yangebaki yale yale, hakuna vimelea. Wangemchoma sindano saa kumi. Angekufa, na mimi ningesifiwa kwa usafi."

Halafu akauliza, "Siku zote nilizopangusa, nilitupa nini?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo niliposimuliwa lilinigusa mahali pabaya. Mtu amefanya kosa moja, likamwonyesha kwamba hata siku ambazo hakukosea huenda aliacha watu na ugonjwa wao. Wengi wetu tungelisukuma chini ya zulia. Tungesema, kazi ni kazi, nilifuata utaratibu.

Vibonge vya nta havitupwi. Vinahifadhiwa stoo, kwenye masanduku, miaka na miaka. Randa akaomba ruhusa kwa yule mama daktari. Akatoa vibonge vyote vya utumbo vilivyopita mikononi mwake kabla ya Jumanne ile, vyote vilivyoandikiwa hakuna vimelea. Masanduku kumi na mawili. Akaanza sanduku la kwanza. Kila Alhamisi, baada ya kazi, saa mbili. Safari hii akiweka kioo kwa kila utepe, na wa mwanzo na wa mwisho, bila kuacha hata mmoja. Mnyoo huyu hafi kwa uzee, nimeshawaambia. Mtu aliyekuwa naye miaka kumi nyuma, anaye hata leo.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, mama mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alinisimulia: "Alhamisi hakuwa wangu. Mwanzo nilijua ana mtu. Mwanamume anachelewa siku ile ile kila wiki, ufikirie nini? Nikamfuata. Nimejitanda khanga mpaka puani. Nikafungua ule mlango wa kijani kwa nguvu, nikamkuta yeye na sanduku la nta. Nikasema, loo, bora ungekuwa na mwanamke, ningejua pa kuanzia!"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka Alhamisi nyingine.

Katika sanduku la nne Randa alimpata mtu. Mnyoo, wazi kabisa, kwenye kioo cha kumi na saba. Ni wa dereva mmoja wa lori, kinyama kilinyofolewa miaka sita nyuma. Hospitali ikapiga simu. Akapokea dada yake. Dereva alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na pumu, akapewa dawa za steroidi, mapafu yakamshinda ndani ya siku tisa. Hakuna aliyejua kwa nini.

Hospitali ingetosheka na simu. Randa alikwenda mwenyewe. Mke wake alimsindikiza, akasimama getini. Anasema alimsikia akimwambia yule dada, "Mimi ndiye niliyekata kipande cha kaka yako."

Yule dada akauliza, "Ulikata vibaya?"

"Hapana. Nilikata vizuri. Sikukata tena."

Yule dada alimtazama sana. Akasema, "Asante kwa kuja." Akafunga mlango. Siku ile Randa hakula, na siku ya pili hakula. Alhamisi iliyofuata akaenda kufungua sanduku la tano. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, inatosha sasa, unajiua." Akamjibu, "Mke wangu, mle ndani kuna mwingine ambaye bado yuko hai."

Alikuwepo. Katika masanduku kumi, vibonge zaidi ya mia tatu na hamsini, Randa aliwapata watu saba. Mmoja ni marehemu dereva. Wawili hawakupatikana kabisa. Wanne walipatikana wakiwa hai, wakapigiwa simu, wakaja, wakameza vidonge, wakaenda zao. Narudia, wanne. Mmoja wao alikuwa keshaandikiwa dawa za steroidi kwa ajili ya magoti, yuko njiani kwenda kuzinunua.

Alipostaafu akaendelea kuja kila Alhamisi. Walinzi wa getini walikwisha kuzoea, walikuwa hawamuulizi kitambulisho. Asubuhi aliyofariki, ile ya kamba za viatu, ilikuwa Alhamisi.

Kwa mkewe, kwa wanawe wanne, kwa kaka yake seremala, na kwa wenzake wa mlango wa kijani, pokeeni pole zetu sote wa kituo hiki na wasikilizaji wetu. Mmefiwa na mtu mgumu kuishi naye siku moja kwa wiki, na mwema siku zote saba. Mungu awape subira, naye ampumzishe.

Kwako unayesikiliza, nina ombi dogo. Leo kabla ya kulala, jiulize kama kuna kosa lako ambalo mtu mwingine analibeba bila kujua. Kama lipo, na mtu huyo yu hai, bado una muda wa kupanda ngazi.

Masanduku yamebaki mawili. Dada Rangi ameyachukua. Alhamisi iliyopita alifungua la kumi na moja. Alinionyesha orodha yake, namba tupu bila majina, kila namba na mwaka wake. Vibonge sabini na kimoja. Nikamwomba aniruhusu nitafute namba moja, nikaifuata nyumbani kwenye karatasi yangu ya zamani. Mwaka wa karatasi hiyo nilisumbuliwa na tumbo, nikanyofolewa kinyama kwenye hospitali ile ile, nikaambiwa hakuna vimelea. Nimo. Sanduku la kumi na mbili, kibonge cha sita kutoka mwisho. Na nimeandikiwa steroidi za mgongo, ziko kwenye droo nyumbani. Sijazigusa.

Nilimwomba anikate kwanza. Nilimbembeleza, wasikilizaji, sioni haya kusema. Akacheka akanipigapiga bega. Akasema, "Nenda kapime choo, na zile dawa usimeze. Lakini kibonge chako kina foleni, kaka. Randa hakukata kwa kujuana."

Basi niko kwenye foleni, na naogopa. Simu yangu iko wazi.